Nyota Yenye Mkia Haina Mkono Katika Riziki Yako

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu akazipamba kwa nyota, na akampa mwanadamu akili ya kuzitazama na kuzifikiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Muhuru Bay kwa biashara ya dagaa. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wasiujue mji huo. Ni mji wa wavuvi katika kaunti ya Migori, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Tanzania. Dagaa, ambao wenyeji wa huko huwaita omena, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwangaza, kisha wakatiwa nyavuni. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazifai kitu, na mashua hukaa ufukweni. Kwa hivyo usiku wa giza ndio usiku wa riziki, na kila usiku mmoja wa giza unaopotea ni chakula cha watoto kilichopotea.

Asema ndugu yetu kwamba mwezi wa Oktoba 2024 ilionekana nyota yenye mkia upande wa magharibi, baada ya jua kutua. Akatokea mtu ajiitaye mjuzi wa falaki, akawaambia mabaharia wake kuwa nyota ile imeifunika nyota ya chombo chao, na kwamba wakiingia majini kabla ya kutoa beberu mweusi na fedha alizozitaja, hawatarudi wote. Mabaharia wakakataa kutoka, na siku za giza zikawa zapita. Ndugu yetu auliza mambo mawili. Je, nyota hizi zina amri gani juu ya mtu? Na je, lau angetoa fedha hizo ili watu wake watulie nyoyo tu, hali yeye mwenyewe haamini, angekuwa na makosa?

Jawabu kwa ufupi ni hili: nyota haina amri yoyote juu ya mtu, na kutoa fedha hizo ni makosa. Lakini jawabu fupi halimwondolei mtu khofu moyoni, na khofu hii haiko Muhuru Bay peke yake. Hapa kwetu pwani nguzo za umeme zimejaa matangazo ya watu wanaojidai kusafisha nyota za wenzao, na wateja wao ni watu wa misikiti yetu. Basi yafaa tulieleze jambo hili kwa ilimu, kwani khurafa haiondoki kwa kukaripiwa, huondoka kwa kujulishwa.

Kwanza tulitazame hilo neno falaki. Asili yake katika Kiarabu, falak, ni njia ambayo kiumbe cha mbinguni hupita kwayo katika mzunguko wake. Ilimu ya falaki ilikuwa ni kuzijua njia hizo na kuzipigia hesabu, na wazee wetu walikuwa na fungu lao katika ilimu hiyo. Manahodha waliotoka Lamu na Pemba hadi Maskati waliongozwa na nyota usiku. Wakulima walikitazama kilimia wakajua wakati wa kulima. Na majina ya sayari tunayoyatumia, Zuhura, Mirihi, Mushtari, Zohali, tumeyarithi kwao. Hayo ni halali na ni fakhari. Lakini neno hilo hilo kwetu limegeuka likawa jina la kupiga bao, kumtazamia mtu ndoa yake na adui yake, na kumtoza fedha. Jina la hesabu limevishwa ubazazi. Basi na turudi kwenye falaki ya kweli, tuiulize nyota yenye mkia ni kitu gani.

Nyota yenye mkia kwa hakika si nyota. Ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi na mawe, na mara nyingi upana wake haupiti kilomita chache, kadiri ya mji mmoja mdogo. Ikiwa mbali na jua huwa kimya na giza. Ikilikaribia jua, joto huigeuza barafu ile kuwa mvuke, mvuke ukatoka pamoja na vumbi, na nguvu itokayo kwenye jua ikavisukuma nyuma. Huo ndio mkia, na ndiyo maana daima huelekea upande ulio mbali na jua, mithili ya moshi wa jiko unaosukumwa na upepo. Wala isichanganywe na kimondo. Kimondo hupita kwa kufumba na kufumbua. Nyota yenye mkia yaweza kuonekana kwa majuma, au hata kwa miezi.

Sasa katika safari zake nyota hiyo hukutana na jirani mwenye nguvu, naye ni Mushtari. Mabaharia wa Muhuru Bay na wa Lamu wote wanaijua Mushtari kwa macho, ile nyota kubwa nyeupe isiyomemeteka kama nyenginezo. Uzito wake ni mara 318 ya uzito wa dunia yetu, na lau sayari zote nyengine zingewekwa pamoja katika mizani, Mushtari ingezizidi zaidi ya mara mbili. Kila kiumbe kina nguvu ya kuvuta kwa kadiri ya uzito wake. Hiyo ni kanuni aliyoiweka Mola, kama alivyoweka kuwa moto huunguza na maji huzimisha. Basi kipande cha barafu kikipita karibu na Mushtari huvutwa, na njia yake ikapindwa.

Jambo hili si dhana, limejaribiwa kwa hesabu. Nyota ya Halley ilitarajiwa kurudi karibu na mwaka 1758. Mfaransa Alexis Clairaut, akisaidiwa na Jérôme Lalande na bibi mmoja mjuzi wa hesabu, Nicole-Reine Lepaute, alikaa miezi akipiga hesabu ya mvuto wa sayari kubwa. Wakatangaza kuwa nyota ile itachelewa siku 618: siku 518 kwa sababu ya Mushtari na 100 kwa sababu ya Zohali, na kuwa italifikia jua katikati ya Aprili 1759, wakizidisha au kupunguza mwezi mmoja. Ikafika tarehe 13 Machi 1759. Mushtari iliichelewesha nyota hiyo zaidi ya mwaka mzima, na watu wakalijua jambo hilo kabla haijaonekana.

Nyengine ni ile iliyoonekana mwaka 1770, ikapita karibu na dunia kwa umbali wa kilomita milioni 2 na kitu. Anders Lexell alipoihesabia njia yake akaona kuwa Mushtari ndiyo iliyoivuta huku kwetu mwaka 1767, na kuwa mwaka 1779 ilikutana nayo tena ikatupwa mbali. Tangu 1770 haijaonekana tena. Na nyota ya Oterma, iliyogunduliwa mwaka 1943 na bibi wa Kifini, Liisi Oterma, zamani ilikuwa ikilizunguka jua kwa miaka 18. Mwaka 1937 Mushtari ikaivuta ndani, mzunguko wake ukawa wa miaka 8. Mwaka 1963 Mushtari hiyo hiyo ikaisukuma nje, mzunguko ukarudi kuwa wa miaka 19 hivi. Katika muda usiofika umri wa mtu mmoja, njia yake imebadilishwa mara mbili, wala haikuwa na uwezo wa kukataa.

Tena iko nyota iliyogunduliwa mwaka 1927 huko Hamburg na Schwassmann na Wachmann. Hii huzunguka nje kidogo ya njia ya Mushtari, mahali penye baridi kali mno hata barafu ya maji haigeuki mvuke kwa wepesi. Hata hivyo hulipuka mara kadhaa kila mwaka, ikang'aa kwa ghafula kisha ikafifia. Wataalamu wameona kuwa humtoka hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile iwauayo watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hata baridi ya huko haiwezi kuizuia. Basi na tuwaulize wapiga falaki: nyota hii imekuwa ikilipuka juu ya vichwa vyenu tangu kabla hamjazaliwa, mbona hamkuwahi kututajia? Hawaitaji kwa sababu haionekani kwa macho matupu, na kisichoonekana hakiuziki.

Na mwisho wa mifano hii ni mkubwa kuliko yote. Mwezi wa Machi 1993 iligunduliwa nyota ya Shoemaker-Levy 9, nayo ilikwisha kunaswa na Mushtari, ikawa yaizunguka hiyo badala ya jua. Mwezi wa Julai 1992 ilikuwa imepita karibu mno ikavunjwa vipande zaidi ya 20. Wataalamu wakapiga hesabu, wakatangaza mapema kuwa vipande hivyo vitaigonga Mushtari. Kuanzia tarehe 16 hadi 22 Julai 1994 vikaigonga kimoja baada ya kimoja, kwa mwendo wa kilomita 60 kila sekunde, vikaacha mabaka meusi, mengine makubwa kadiri ya dunia yetu. Siku hizo hizo watu walikwenda sokoni, wakaoa, wakazaa, wakazika, kama ilivyo kila siku.

Enyi ndugu, izingatieni hali hii. Nyota yenye mkia haina hiari hata ya njia yake. Jirani akiivuta, yavutika; akiitupa, yatupika; akiivunja, yavunjika. Nyota isiyoweza kujishikia njia yake yenyewe, itawashikia nyinyi njia zenu? Haikuweza kujilinda nafsi yake na Mushtari. Itaweza kuifunika mashua ya mja wa Mwenyezi Mungu aliyetoka kutafuta halali? Na wala Mushtari isiogopwe badala yake, kwani nayo imefungwa katika falaki yake, yalizunguka jua kwa miaka 12 hivi, haitangulii wala haichelewi. Mvutwa na mvutaji wote ni watumwa wa Mmoja.

Huenda mtu akasema: "Lakini mbona misiba hutokea nyota hizo zionekanapo?" Hoja hii ndiyo mtaji wa wapiga falaki, basi na tuitazame kwa mfano ambao wengi wetu twaukumbuka. Nyota ya Hale-Bopp iligunduliwa Julai 1995, ikaonekana kwa macho matupu kwa muda wa miezi 18, na ikalifikia jua tarehe 1 Aprili 1997. Mwezi wa Aprili 1996 ilipita kilomita milioni 115 hivi kutoka kwa Mushtari. Tarehe 21 Mei 1996, katika ziwa lile lile la ndugu yetu, meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Na mwezi wa Agosti 1997 likatokea janga la Likoni, watu wakauawa na maelfu wakakimbia. Mtu mwenye ulimi mwepesi angeweza kuyafunga mambo haya kwa uzi mmoja, akasema: "Nyota ilikutana na Mushtari, ziwa likala watu, nyota ikafika kwenye jua, damu ikamwagika Likoni."

Lakini tuulize sababu. MV Bukoba ilibeba watu kupita kiasi chake. Waliouza tiketi walikuwa watu, na waliofumba macho walikuwa watu. Na Likoni, mapanga na bunduki vilishikwa na mikono ya binadamu, na wengi waliouawa na kufukuzwa walikuwa wageni wetu kutoka bara, wakiwamo watu wa pande za ziwa, waliokuja pwani kutafuta riziki kama ndugu yetu alivyokwenda kwao kutafuta riziki yake. Mwenye kuitupia nyota dhambi hii amemfungulia muuaji mlango wa kutokea. Hii ndiyo khatari kubwa ya khurafa, ndugu zangu, kubwa kuliko beberu na fedha: huwaondolea watu hisabu ya matendo yao. Siku ya Kiyama haitaulizwa Hale-Bopp. Utaulizwa mkono wako.

Na hiyo nyota yenyewe ilikuwa wapi wakati ule? Ilikuwa yavutwa tu. Kabla ya safari hiyo mzunguko wake ulikuwa wa miaka kama 4,200. Mushtari ikaupunguza, sasa ni kama 2,500. Ilipotezewa miaka zaidi ya elfu na jirani yake, na khabari za tiketi za MV Bukoba haikuwa nazo.

Wala tusidhani kuwa upotofu huu ni wa wavuvi wasiosoma. Mwezi wa Machi 1997, huko California katika Marekani, watu 39 wa kundi moja walijiua pamoja, kwa kuamini kuwa nyuma ya Hale-Bopp kuna chombo kinachokuja kuzichukua roho zao. Watu hao walikuwa wakichuma kwa kazi za kompyuta. Mashine haimwokoi mtu ambaye moyo wake umemwogopa kiumbe.

Dini yetu ililikata jambo hili mapema. Alipofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Lau angekuwa mtu mwenye kutafuta utukufu, hapo palikuwa pahali pake. Yatosha angenyamaza tu. Lakini yeye, hali ya kuwa amefiwa, na machozi yake hayajakauka, alisimama akawakataza. Akawafunza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Na akawaamuru wasali na waombe. Ikiwa mbingu haikubadilika kwa mauti ya mwana wa Mtume, itabadilika kwa ajili ya mashua ya Muhuru Bay, au kwa ajili ya duka la fulani hapa mjini?

Na iko ibra nyengine katika tarehe ya Waislamu. Mwaka 1577 ilionekana nyota kubwa yenye mkia. Wakati huo mjini Istanbul, Taqi al-Din, mjuzi mkubwa wa falaki, alikuwa na nyumba ya kutazamia nyota yenye vyombo bora kabisa vya zama zake. Nyota ilipotokea, Sultani Murad III akatabiriwa kwayo ushindi na kheri. Mwaka 1580 nyumba ile ikavunjwa kwa amri ya Sultani mwenyewe. Na katika nchi ya Denmark, Tycho Brahe aliipima nyota ile ile, akathibitisha kuwa iko mbali kupita mwezi, na kipimo chake kikawa msingi waliojengea waliokuja baadaye. Nyota ilikuwa moja. Kule iliulizwa bahati ya mfalme, huku ikaulizwa iko umbali gani. Na tangu hapo mmejua nani aliyesonga mbele na nani aliyebaki nyuma.

Sasa twamrudia ndugu yetu na suala lake la pili. Kutoa fedha "ili watulie nyoyo" hakutulizi nyoyo. Ukimlipa mtu huyo, umewathibitishia mabaharia wako kuwa khofu yao ni ya kweli, na mwezi ujao atarudi na nyota nyengine, kwani mbingu hazipungukiwi nyota. Tena Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali mwenye kumwendea mtabiri, kuwa sala zake za siku arubaini hazipokelewi, basi amlipaye na kumletea watu atakuwaje?

Fedha hizo zinunulieni majaketi ya kujiokolea, kila baharia lake. Msipakie mashua kupita kiasi, mkumbuke MV Bukoba. Kabla ya kutoka sikilizeni khabari za Idara ya Hali ya Hewa juu ya upepo na mawimbi, kwani dhoruba za ziwa hilo hupiga sana usiku, nazo huua nyota iwepo isiwepo. Kisha semeni Bismillahi, mtegemeeni Mola wenu, mwingie majini. Na wakati taa zenu zingojeapo dagaa, waonyesheni vijana Mushtari, muwaeleze jinsi ipindavyo njia za nyota zenye mkia. Waambieni kuwa iko moja iliyogunduliwa mwaka 2019 na kupewa jina la LD2, ambayo wajuzi wamekwisha kuihesabia kuwa mwaka 2063 Mushtari itaivuta ndani, karibu zaidi na jua. Watoto wenu wa leo, Mungu akipenda, wataishi waone kama hesabu hiyo imesadiki. Na awaombe mpiga falaki wao awatajie jambo moja tu la mwaka 2063, kwa tarehe yake, bila ya beberu.

Na sisi wa mijini, kila mmoja na aitazame nyumba yake. Anayelipa ada ya skuli kwa shida, naye anazo fedha za kusafishiwa nyota, amemwibia mwanawe. Nyota zi safi tangu zilipoumbwa. Kilichochafuka ni itikadi zetu, na hizo husafishwa kwa kusoma na kwa toba, wala hakuna ada.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotazama mbingu wakamjua Muumba wake, awalinde ndugu zetu walioko ziwani na baharini, na awarudishe kwao salama na riziki ya halali. Amin.